Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Ngome ya Snelling: ziara ianzie jikoni

Kwa wakurugenzi wa Chama cha Historia cha Minnesota,
Nakala kwa Idara ya Maliasili ya Jimbo la Minnesota.

Waheshimiwa,

Salaam nyingi. Mimi ni Mkenya, mkazi wa Brooklyn Park, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa kwa saa zake, na wakati mwingine kulala hukohuko. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kusudi. Ndiyo lugha niliyolitafakari nayo jambo hili tangu lilipoanza kuninyima usingizi, tena nataka wenzangu walisome waniambie nilipokosea. Nyinyi mkalimani hamtamkosa. Mkimkosa, nipo.

Labda nianze na jina. Ukimwambia Mkenya au Mkongomani wa huku, “Kesho naenda Fort Snelling,” hatakuuliza habari za mizinga. Atashusha sauti akuulize kesi ni saa ngapi na kama wakili umeshapata. Kwetu Fort Snelling ni lile jengo la serikali lenye jina la Askofu Henry Whipple, ambamo mna mahakama ya uhamiaji. Nimewahi kukaa mle na bahasha ya makaratasi mapajani, mikono ikitoka jasho ilhali nje ni baridi ya Januari. Nilijua kuna ngome ya kale hapo jirani, maana bango lake liko barabarani, lakini mtu akitoka mle ndani anachotaka ni kufika kwake. Sikuwahi kukata kona kwenda kuitazama.

Kilichonipeleka ni mama yangu. Alikuja kututembelea kiangazi, akakaa wiki mbili akitazama ukuta na televisheni, hadi mwanangu wa miaka tisa akasema, “Tumpeleke cucu akaone wanajeshi.” Tukaenda.

Inabidi niwaeleze mama yangu ni nani, la sivyo barua hii haitaeleweka. Kwa miaka 19 alikuwa mpishi na yaya katika nyumba ya afisa wa jeshi, kwenye kambi moja ya Bonde la Ufa. Maafisa walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki na nyumba, kama sinki. Mimi nimelelewa katika SQ ya nyumba hiyo. Asiyejua SQ nimweleze: ni chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, kilichojengwa mbali kiasi cha kutosikika na karibu kiasi cha kuitwa. Chetu kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la mkaa nje ya mlango, na kengele ya umeme iliyotundikwa ukutani juu ya mto. Waya wake ulipita juu ya ua hadi chumba cha kulia cha wenyewe. Kengele ikilia usiku, mama alikuwa ameshafunga leso kabla mimi sijafumbua macho.

Basi siku ile pale ngomeni, mwanangu alikimbilia mzinga. Mama hakuushughulikia. Tuliingia katika jumba la kamanda, tukaona vyumba vya juu, meza, viti, na dirisha linalotazama uwanja wa gwaride. Alisimama mlangoni kama mtu aliyezoea kutokanyaga zulia, akaniuliza, “Jiko liko wapi?” Tukashuka ngazi, yeye kanishika bega. Kule chini kuna ubaridi wa mawe hata mwezi wa Julai. Akaenda moja kwa moja kwenye meko, akapapasa ukingo wake, akanusa vidole. Kisha maswali.

“Hapa alipika nani?”

Nikamwambia walikuwepo watumishi, na baadhi yao walikuwa watumwa, watu weusi.

“Na alilala wapi?”

Sikuwa na jibu la haraka. Yeye hakungoja. Akainua macho, akafuata mihimili ya dari pole pole, kona hadi kona, na mimi nikajua anachotafuta. Alikuwa anatafuta kengele.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata usiku wa zamu, mgonjwa akisinzia. Ombi langu, nilitaje mapema ili mwenye haraka asipoteze muda, ni hili: mgeni anayeingia katika nyumba za maafisa wa Ngome ya Snelling aanzie jikoni. Ashuke kwanza. Vyumba vya juu avione baadaye, akiwa ameshajua nani aliviwashia moto.

Najua mtasema kwamba habari za utumwa hamkuzificha, na mkisema hivyo mtakuwa mmesema kweli. Mmezichapisha wazi. Chumba kinachosadikiwa kuwa makao ya Dred na Harriet Scott, mume na mke waliokuwa watumwa hapa, mmekitengeneza na watu wanakiona. Katika nchi hii, ambako makumbusho mengi ya jeshi bado yanahesabu vifungo vya koti, hilo si dogo, na nawashukuru. Ninachobishana nacho ni mpangilio. Kitu kinachoonyeshwa kando huonekana cha kando. Na katika nyumba hizi jikoni ndipo palipotokea jambo lililotikisa taifa zima. Nitalieleza kwa ajili ya wasomaji wenzangu wasiolijua, nyinyi mnivumilie.

Ngome hii ilianza kujengwa mwaka 1820, juu ya genge la mwamba, pale Mto Minnesota unapoingia Mississippi. Wakati ule hapa palikuwa mpakani hasa: dola ya Marekani ilikuwa inatambaa kuelekea magharibi, na kambi hii iliwekwa kuchunga biashara ya ngozi na kuwaonyesha Waingereza kwamba mwenyewe kafika. Mkubwa wa ujenzi alikuwa Kanali Josiah Snelling, na tangu 1825 ngome ikaitwa kwa jina lake. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wadakota. Luteni Zebulon Pike aliipata mwaka 1805 kwa mkataba uliotiwa sahihi na viongozi wawili tu wa Kidakota, huku nafasi ya bei ikiachwa wazi. Baadaye Seneti ya Marekani ikaijaza yenyewe: dola 2,000. Sisi tunaotoka nchi ambako wazungu walitia watu dole gumba kwenye mikataba wasiyoisoma hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Na sheria ilikuwa wazi. Makubaliano ya Missouri ya mwaka 1820 yalipiga marufuku utumwa katika eneo hili lote la kaskazini. Mtu angedhani basi. Lakini jeshi lilikuwa na utaratibu wake wa malipo. Afisa aliruhusiwa kudai posho ya mtumishi: mshahara, chakula na nguo sawa na za askari wa kawaida, na mwenye cheo kikubwa alidai ya zaidi ya mmoja. Kwenye fomu ya madai aliandika jina la mtumishi na wajihi wake, rangi, urefu, nywele. Haikujalisha kama mtumishi huyo ni mtu huru wa kulipwa au ni mtumwa. Akiwa huru, pesa zilimfikia, japo zimepunguapungua. Akiwa mtumwa, mshahara wake uliishia mfukoni mwa bwana. Serikali iliyopiga marufuku utumwa ndiyo iliyowalipa maafisa wake kuwa na watumwa, tena kwa risiti. Katika miaka ya 1820 na 1830, nyinyi wenyewe mnakadiria, wakati wowote ule walikuwepo hapa watumwa kati ya 15 na zaidi ya 30. Mmoja wa makamanda wa ngome, Zachary Taylor, alikuwa mmiliki wa watumwa, na miaka ishirini baadaye akawa rais wa nchi.

Walifanya kazi gani? Hapo mama yangu angekuwa mwongozaji bora kuliko kitabu chochote. Nyumba ya mawe katika majira ya baridi ya Minnesota inakula kuni kama treni. Kuni zipasuliwe, zipandishwe, majivu yashushwe. Maji yaletwe, yachemshwe, yamwagwe. Vyungu vya usiku vitolewe kabla wenyewe hawajaamka. Nguo zifuliwe na mikono iliyopasuka kwa baridi. Mtoto wa bwana akilia saa tisa za usiku, kuna mtu anayeamka, na huyo mtu si bibi wa nyumba. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na maofisini mwenu mmesomea historia lakini wangapi kati yenu wamewahi kulala chini ya kengele?

Nimtaje Rachel. Aliletwa hapa karibu mwaka 1830 na luteni aliyemmiliki, akamtumikia katika ngome hii na kisha katika nyingine kule Prairie du Chien, ambako pia utumwa ulikatazwa. Baadaye akauzwa St. Louis pamoja na mwanawe mchanga. Akaenda mahakamani. Utetezi uliotolewa ni kwamba afisa hakujichagulia kukaa kaskazini, alitumwa na jeshi. Mwaka 1836 Mahakama Kuu ya Missouri ikatoa jibu ambalo kila nikilisoma natamani kupiga vigelegele: naam, afisa alilazimishwa kukaa kule, lakini hakuna aliyemlazimisha kukaa kule na mtumwa. Rachel akashinda, akawa huru.

Mwaka huohuo wa 1836 daktari wa jeshi, John Emerson, alifika hapa na mtu aitwaye Dred Scott. Harriet Robinson alikuwepo tayari, msichana, mali ya Lawrence Taliaferro, wakala wa serikali kwa mambo ya Wadakota. Wakapendana. Taliaferro, aliyekuwa pia hakimu wa amani, ndiye aliyewafungisha ndoa. Hili watu hulipita haraka, lakini ni kubwa: ndoa ya watumwa haikutambuliwa na sheria za kusini, na hii ilifungwa na mtu wa serikali. Binti yao wa kwanza, Eliza, alizaliwa mwaka 1838 ndani ya meli ya mvuke, mtoni, kaskazini ya mpaka wa utumwa. Waliondoka ngomeni moja kwa moja mwaka 1840. Mwaka 1846, wakiwa St. Louis, mume na mke wakafungua mashtaka kudai uhuru wao, kwa hoja ileile ya Rachel: tuliishi mahali ambapo utumwa ni marufuku.

Mahali penyewe ni hapa. Hati yao ya uhuru ilikuwa anwani. Nyumba ya daktari wa jeshi katika Ngome ya Snelling ndiyo iliyokuwa shahidi wao, na meko yake, na sakafu yake.

Kesi ilikwenda miaka 11. Tarehe 6 Machi 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikaamua kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hii na kwamba Bunge halikuwa hata na uwezo wa kukataza utumwa katika maeneo yale. Kilichofuata kila mtoto wa shule hapa anakijua, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja miaka minne baadaye. Dred aliachiwa huru mwaka ule wa 1857 na waliommiliki, akafa mwaka uliofuata. Harriet akaishi hadi 1876. Neno “raia”, ambalo sisi tunalitetemekea kila tukipita geti la jengo la Whipple, lilipiganiwa na watu waliopika na kufua kwenye kilima hichohicho. Nikiwaambia wenzangu habari hii kanisani, wananyamaza kwanza. Kisha mtu anauliza kiingilio ni bei gani.

Ndiyo maana nasema jikoni.

Najua pingamizi zitakazokuja. La kwanza ni la mwanangu: watoto wanataka mzinga. Wapeni mzinga. Hakuna anayetaka kuuzima, na mimi mwenyewe niliziba masikio nikicheka. Lakini mtoto aliyeshuka jikoni kwanza akapanda juu baadaye ataona meza ya kamanda kwa macho mengine. Mwanangu alipomsikia bibi yake akiuliza mpishi alilala wapi, alirudi juu akaanza kuhesabu vitanda.

La pili ni la wataalamu: majengo mengi ya ngome yalijengwa upya, kwa hiyo msiyape uzito kupita kiasi. Kweli. Katika miaka ya 1950 kilichobaki kilikuwa kidogo, ule mnara wa duara na mwenzake wa pembe sita, na jumba la kamanda na nyumba za maafisa ambazo zilikuwa zimebadilishwa sura. Barabara kuu ilitaka kupita juu yao, wananchi wakapiga kelele, ikachimbiwa njia chini kwa chini, na mwaka 1960 ngome ikawa alama ya kwanza ya kihistoria ya kitaifa katika jimbo hili. Ndipo ikajengwa upya ifanane na miaka ya 1820. Lakini hebu tazameni jambo hilo kwa upande wangu. Waliojenga upya walichagua. Walichagua mwaka wa kurudia, wakachagua ukuta upi uinuliwe na upi ubomolewe. Nyumba iliyowekwa kwa uchaguzi haiwezi kudai kwamba njia ya kuitembelea imeandikwa kwenye mawe.

La tatu ni la siasa, na hili nalisema kwa upole maana najua liliwagharimu. Mlipoandika kwenye mabango jina Bdote pembeni ya jina la ngome, mwaka 2019 baadhi ya maseneta wa jimbo walikasirika hadi bajeti yenu ikatishiwa kukatwa mamilioni. Kwa neno moja! Bdote kwa Kidakota ni mahali maji mawili yanapokutana. Sisi tunalo neno hilo. Kenya imejaa Makutano, kila penye njia panda pana Makutano na mama wa mahindi ya kuchoma. Nilipomwambia mama kwamba wenyeji wanapaita Makutano akaona ni jambo la kawaida kabisa, akashangaa tu kwamba kuna mtu anaweza kuligombania.

Na hapohapo niseme: kuanzia jikoni kusiwe kisingizio cha kuruka kilichotokea chini ya genge. Katika majira ya baridi ya 1862 hadi 1863, baada ya vita kati ya Marekani na Wadakota, Wadakota wapatao 1,600, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walizungushiwa uzio kwenye tambarare ya mto chini ya ngome hii, na kati ya 130 na 300 walikufa humo. Wakati huo juu ya genge maafisa walikuwa na meko yao. Dirisha la jikoni na dirisha la sebuleni yote yanatazama mahali palepale. Wadakota ndio wa kuamua jinsi ya kuielezea habari hiyo, si mimi wala nyinyi.

Sasa, kuna mambo matatu madogo yanayofuatana na ombi langu kubwa.

Zile fomu za posho. Nyingi zipo katika kumbukumbu za serikali, na watafiti wamezichambua. Chukueni majina ya watumishi yaliyomo, wa utumwa na wa hiari, muyaandike kwenye ukuta wa jikoni, kwa mwandiko mkubwa, bila picha, bila mapambo. Pale ambapo afisa hakuandika jina, acheni nafasi tupu yenye urefu wa jina. Mgeni asome juu hadi chini. Mama yangu hasomi Kiingereza, lakini jina ni jina, na angesimama hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Pili, lugha. Naombeni maelezo ya jikoni yapatikane pia kwa Kiswahili, baada ya Kidakota, ambacho ni haki itangulie, na sambamba na Kisomali na Kihmong na nyinginezo zinazozungumzwa humu mjini. Na tafadhali yatafsiriwe na mtu anayejua uzito wa maneno. Kiingereza kinahangaika kati ya “mtumishi” na “mtu aliyefanywa mtumwa”, na naona mabango yenu yanatembea kwa tahadhari. Kiswahili kina maneno yake na yote yana makovu. Mtumwa ni yule anayetumwa, neno lenyewe limebeba kengele ndani yake. Mtumishi anaweza kuwa mfanyakazi, na siku hizi hata mchungaji wa kanisa ni mtumishi. Kuna mjakazi na mtwana, na kuna mzalia, aliyezaliwa utumwani nyumbani kwa bwana wake. Haya si maneno ya kutafuta kwenye kamusi. Pwani ya Kenya hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1907 tu, na bado kuna familia ambazo neno “mzalia” likitajwa mezani, watu huacha kula. Ukimwita Harriet “mtumishi” kwa Kiswahili, umempa mshahara ambao hakuupata. Ukimwita “mjakazi” umesema kweli lakini umemdogosha kwa sikio la leo. Mimi ningeandika “Harriet, aliyeshikwa utumwani katika nyumba hii”, halafu niwaulize wazee wa Lamu na Mombasa walioko hapa kama imekaa sawa. Kazi hiyo naifanya bure.

Tatu, zile nyumba nyingine. Wengi hawajui kwamba juu zaidi ya ngome ya mawe kuna kambi ya baadaye, yenye safu yake ya nyumba za maafisa, matofali na veranda. Jeshi lilipoondoka mwaka 1946 majengo yakaachwa, mapaa yakaanza kuanguka, na kufikia 2006 yalikuwa kwenye orodha ya kitaifa ya majengo yaliyo hatarini kupotea. Leo majengo 26 yamekarabatiwa yakawa nyumba karibu 200 za kupanga kwa bei nafuu, zikilenga zaidi familia za waliotumikia jeshi. Idara ya Maliasili, pokeeni pongezi zangu katika hilo, sikutarajia kuziandika. Nimepita pale jioni nikaona baiskeli za watoto zimeegemezwa kwenye veranda ambako zamani mtoto wa mpishi asingeruhusiwa kukaa. Ni matumizi bora ya nyumba ya afisa kuliko yote niliyowahi kuyaona. Ombi langu ni kibao kimoja tu, kidogo, kuhusu Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu, kilichokaa Fort Snelling kuanzia 1882 hadi 1888: askari wote weusi, maafisa wao karibu wote weupe. Wapangaji wa sasa wajue ni nani aliyelala wapi. Labda kuna mtoto pale ambaye babu wa babu yake alipiga saluti chini ya dirisha la chumba chake.

Kuhusu gharama sijui hesabu zenu, lakini kubadilisha mwelekeo wa mshale kwenye ramani ya wageni hakuhitaji bajeti ya mamilioni. Mwaka 2022 mlifungua kituo kipya cha wageni ndani ya bweni la wapanda farasi la mwaka 1904, kazi nzuri, na kila mgeni anaanzia pale. Mshale wa kwanza kutoka pale ndio ninaouongelea. Na kwa wasioweza kushuka ngazi, nawasihi msiishie kuwawekea picha. Mpeni kiti mlangoni pa ngazi, mtu asimame naye, amsomee majina. Mimi kila siku nipo na watu wasioweza kushuka ngazi, na wanachochukia zaidi ni kuachwa na kijikaratasi.

Mama amesharudi Kenya. Ile nyumba ya afisa bado ipo, ameniambia kwa simu, SQ imegeuzwa stoo ya magodoro. Aliniuliza kama nimepata kujua yule mpishi wa Minnesota alilala wapi. Nikamwambia inawezekana alilala palepale jikoni, karibu na meko, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya kuitwa. Akanyamaza, kisha akasema, “Basi hakuhitaji kengele.”

Nina nafasi siku za Jumanne na Jumatano kuanzia saa nne asubuhi. Siku nyingine nina zamu. Mkiniita nitakuja, na nitakuja na rasimu ya maelezo ya Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, nimeshaianza.

Wenu,
Mkazi wa Brooklyn Park, Minnesota